Miaka Tisa ya Stoo Kwenye Karatasi Mbili

Wasifu wangu wa kwanza niliandikiwa na kijana wa steshenari mwaka 2015, kwa shilingi elfu mbili. Alikuwa na wasifu wa mtu mwingine kwenye kompyuta, akafuta jina la mwenyewe na kuweka langu. Elimu ilichukua nusu ya ukurasa, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, pamoja na divisheni ya nne ya pointi 30 iliyokolezwa wino kana kwamba ni sifa. Uzoefu wa kazi ulipewa mstari mmoja: "Muuzaji, duka la hadiwea." Zikafuata sifa za mchapakazi, mwaminifu na mwenye kuweza kufanya kazi chini ya shinikizo, kisha mambo ninayoyapenda, yaani kusoma na kusafiri. Wakati huo sikuwa nimewahi kuvuka Chalinze.

Nilituma nakala kadhaa nisiitwe popote, nikaamini kwamba kosa ni zile pointi 30. Kilichonifumbua macho ni bahasha ya maombi ambayo tajiri wangu alinikabidhi nimchagulie msaidizi wa stoo. Wote walikuwa waaminifu na wote walikuwa wachapakazi, hata nikashindwa kumtofautisha yeyote, isipokuwa kijana mmoja aliyeishia darasa la saba, ambaye aliandika kwa mkono kwamba katika ghala la mahindi alikokuwa akifanya kazi yeye ndiye aliyehesabu magunia yanaposhushwa, na kwamba hesabu ikipungua alikuwa hasaini hati ya dereva mpaka gari lihesabiwe upya. Huyo nilimwona akiwa kazini hata kabla sijamwita.

Jioni ile niliirudia karatasi yangu. Kazi niliipandisha juu, elimu nikaishusha hadi mwisho kwa mistari miwili, bila kuificha na bila kuiombea radhi. Neno "muuzaji" nililivunja nikaangalia ndani yake mna nini: kupokea saruji na nondo na kuzikagua kabla ya kusaini; kutenganisha mifuko ya saruji ya daraja la nguvu la 32.5 na ya 42.5 ili fundi wa zege asipewe ya lipu. Kutunza leja ya stoo na daftari la madeni. Kutoa risiti kwa EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, na kufunga hesabu kila jioni. Kufuatilia wakandarasi wanaochukua mzigo kwa mkopo. Kila jambo nililiandika kwa kitenzi na kiasi chake, nikaweka tarakimu zile tu ambazo leja ingeweza kunitetea. Nilitamani sana kujiita meneja, kwa kuwa kazi ya umeneja nilikuwa naifanya, lakini cheo hicho hakuna aliyewahi kunipa.

Dini na hali ya ndoa niliziondoa, kwani hazibebi mfuko wa saruji.

Mahali pa kufikiri kwa makini zaidi, kwa mtu asiye na vyeti, ni kwenye majina ya wadhamini. Wengi huandika mchungaji, shehe au mjumbe wa nyumba kumi, watu wa heshima kabisa ila hawajawahi kukuona ukifanya kazi. Mimi niliwaomba ruhusa tajiri wangu, mkandarasi aliyenunua kwetu kwa miaka mingi, na dereva wa lori ambaye tuligombana mara mbili kuhusu mzigo pungufu. Wa tatu ndiye aliyepigiwa simu.

Lipo pia jambo la kisheria ambalo wenzangu wengi wa madukani hawalifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Idai siku unapoondoka, wakati duka bado lipo na aliyekuajiri bado anakukumbuka, kwa sababu baada ya miaka mitano unaweza kukuta fremu ile inauza chipsi.

Hata hivyo, wasifu mzuri haufungui kila mlango. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja vyeti kwa majina yake, na asiyekuwa navyo atachujwa kabla wasifu wake haujasomwa. Kwa mafundi waliojifunzia gereji au saiti, njia ya uhakika ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kaka yangu, fundi umeme aliyefundishwa na mjomba wetu, alipita huko akatoka na cheti. Kughushi cheti ni habari nyingine, nami sina ushauri wowote kwa anayeliwaza hilo zaidi ya kumwambia aache.

Wasifu wa pili ulijaza karatasi mbili na uliniita kwenye usaili mmoja, wa ghala la kampuni ya ujenzi. Mzee aliyenihoji hakuuliza kuhusu kidato cha nne. Aliuliza tani moja ya nondo za milimita 12 ina vipande vingapi. Nilimjibu kwamba ni takriban 94 iwapo kila kimoja kina mita 12 kamili, kisha nikamuuliza kama huwa wanazipima zinapofika, kwa maana zipo zinazokuja fupi. Akavua miwani, akaniuliza ninaweza kuanza lini.