Juni inapobisha hodi Namugongo

Huu ni mwaka wa sita naishi Kyaliwajjala, ndani ya Manispaa ya Kira, nje kidogo ya Kampala. Ndugu zangu wa Tanga wakipiga simu huniuliza kama nimeshafika Bwindi kuona gorila. Mji wangu hauulizwi na mtu, nami ndio ninaoupenda.

Jioni pale makutano hapapitiki: boda boda, teksi zinaita abiria, moshi wa muchomo, yaani nyama choma, vijana wanakunja roleksi, chapati zenye mayai ndani, kabla hujamaliza kutaja idadi ya mayai. Siku ya mechi pale Namboole, uwanja uliofunguliwa 1997, hata kwangu kelele za mashabiki zinapita na magari hadi usiku.

Lakini mwisho wa Mei ndio mji hubadilika. Mahujaji wa Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, huanza kuingia Namugongo, hapa jirani, wengi kwa miguu, wakiwemo Wakenya na Watanzania, na ghafla Kiswahili kinajaa barabarani. Hapa mwaka mzima mimi ni "nnyabo", yaani "mama" kwa Kiganda. Kiswahili kiliingizwa katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, ila wapo wazee ambao bado wakikisikia hukumbuka askari wa enzi za Idi Amin, waliokitumia. Ndiyo maana wiki hiyo naisubiri kama sikukuu.

Mwaka jana, Juni 2, mama mmoja aliyekuwa akichechemea aliomba maji kibarazani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kumbe mtu wa nyumbani?"

Alitoka Bukoba. Nikamtengenezea maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akatumbukiza miguu. Akanisimulia basilika, lile kanisa kubwa la mashahidi, ya duara kama msonge, yenye nguzo 22 za shaba kwa mashahidi 22 Wakatoliki, imejengwa alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wao, mwaka 1886. Kisha akautazama ushungi wangu, akauliza taratibu kama haya yote hayanichoshi.

Nikamwambia hapa Namugongo pana msikiti pia. Kabla ya Wakristo hao, Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliwaua Waislamu hapa hapa, waliokataa kuiacha dini yao mbele yake. Watu wengi hupita bila kulijua hilo, na linaniuma.

Mama alinyamaza kitambo. "Basi kesho na hao nitawaombea," akasema, akaniomba nimwongezee maji ya moto.

Alfajiri nilimkuta ameshaondoka, mkeka kaukunja vizuri kando ya mlango.