Kilo 33,080 za Mzee wa Rungwe

Msimu wa kahawa uliopita, mzee mmoja kutoka Rungwe alisimama dirishani kwa mhasibu wa chama chetu cha wakulima hapa Mbeya mjini, stakabadhi mkononi. Karatasi ilisema ameleta kilo 312. Kompyuta ikasema 33,080. Mhasibu akaniita, "Kaka, njoo uone, mzee wetu katajirika."

Mzee hakubisha. "Kama mashine imesema, mimi ni nani niikatae?" Tulicheka wote, tukamlipa za kwenye karatasi, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuondoka. Mimi ndiye ninayetunza seva ya chama, kompyuta kuu inayohifadhi rekodi zetu, kwa hiyo kicheko changu hakikufika mbali.

Nilitoa 312 kwenye 33,080. Zikabaki 32,768. Karani akikosea huongeza sifuri au hupindua tarakimu. Hakosei kwa 32,768. Hiyo ni mbili 15 zilizozidishwa pamoja. Kompyuta huandika kila namba kwa 0 na 1 tu, na kila moja huitwa biti. Maana yake biti moja tu, ya 16 ukihesabu kutoka kulia, ilikuwa 0 ikawa 1.

Nakiri kwamba kwanza nilikimbilia angani. Nilikuwa nimesoma habari za Schaerbeek kule Ubelgiji, ambako kwenye uchaguzi wa 2003 mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, nazo pia ni namba ya aina hiyohiyo, na wengi wakashuku chembe kutoka anga za juu ziligusa memori ya mashine. Chembe hizo huongezeka kadiri unavyopanda, na Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Nikaieleza kamati kwa mbwembwe. Mwenyekiti akauliza kama tununue bati nene zaidi.

Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Miezi michache nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza RAM (memori ya kazi ya kompyuta) kutoka GB 16 hadi 64, RAM za mtumba, za bei ya kutupa. Utafiti uliotolewa 2009 kuhusu seva za Google ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya RAM zikipata kosa angalau moja kwa mwaka, na makosa mengi yalitokana na ubovu wa RAM zenyewe kuliko mambo ya angani. Laiti ningeusoma kabla ya kikao.

Nikaendesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Safi. Usiku wa pili, safi tena. Ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya mnaijua: nilikuwa nimeiacha mashine wazi, dirisha wazi, nami nimejifunika blanketi. Siku ya tatu ndipo akili ikanirudi. Kila biti ya RAM ni chaji kidogo ya umeme ndani ya kikapasita kinachovuja kama ndoo yenye tundu, na ndiyo maana chaji hiyo huandikwa upya kila baada ya milisekunde 64. Joto likizidi, uvujaji unaongezeka. Nikafunga kasha, nikafunga dirisha, nikaanza upya saa sita mchana. Kabla ya saa tisa kioo kikawa chekundu: anwani ileile, mara tatu, na tofauti ileile, 00008000. Kwa hesabu za kompyuta za msingi wa 16, hiyo ndiyo 32,768.

Kilichoniuma ni njia ambayo kosa lilipitia. Ukurasa wa hifadhidata, yaani fungu la rekodi zinazosomwa na kuandikwa pamoja, ulisomwa kutoka diski ukiwa mzima, ukakaa kwenye seli ile mbovu, kilo za mzee zikageuka. Mtu akabadilisha rekodi ya jirani yake kwenye ukurasa uleule, ukarudishwa diski. Hifadhidata yetu hupiga muhuri wa hesabu kila inapoandika ili kugundua uharibifu, lakini hapa muhuri halali ulipigwa juu ya uongo. Na nakala rudufu ya usiku ikaunakili uongo huo kwa uaminifu kabisa.

Nilihitaji memori inayojikagua yenyewe, yaani ECC, na kuomba pesa nilihitaji mhasibu anielewe. Nikapanga vizibo saba vya soda mezani, namba 1 hadi 7. Vya 2, 3, 6 na 7 nikavilaza chali, vingine kifudifudi. Nikamwonyesha makundi matatu: 1-3-5-7, 2-3-6-7 na 4-5-6-7. Kila kundi lina idadi shufwa ya vizibo chali. "Nikigeuka, pindua kimoja." Nikageuka, nikasikia kizibo kikigusa meza. Kundi la kwanza shufwa, la pili witiri, la tatu witiri. Makundi yaliyoharibika yanaanza na 2 na 4, jumla 6. Nikamgusia kizibo cha sita.

"Wewe mchawi."

Mchawi ni Richard Hamming wa Bell Labs, aliyechapisha mbinu hii 1950. Vizibo vinne hubeba data, vitatu (1, 2 na 4) ni walinzi. Ukiongeza mlinzi wa nane anayehesabu vyote, vikipinduliwa viwili huwezi kuvitaja, lakini unajua kuna balaa, na mashine husimama badala ya kudanganya. Kwenye RAM za ECC za kawaida, biti 64 za data hulindwa na 8. Ndiyo maana ukihesabu chipu nyeusi, mara nyingi upande mmoja utakuta tisa badala ya nane.

Pesa ikatoka, nami nikaitumia vibaya. Nilinunua seva iliyotumika na RAM za ECC Kariakoo, kumbe ubao wake unataka zile zenye rejista (chipu ya ziada inayopokea amri kabla hazijafika kwenye memori), mimi nimebeba zisizo nayo. Zinafanana kwa macho. Mashine ikalia mlio mmoja ikanyamaza. Basi la Dar, kwenda na kurudi, kwa gharama yangu.

Sasa ina RAM nane za GB 16, jumla 128, lakini seva inaona 64 tu, kwa sababu nimewasha hali ya kioo cha kujitazamia (mirroring): kila kitu huandikwa pande mbili, upande mmoja ukishindwa kusahihishwa, unasomwa wa pili. Kamati ililalamika kwamba nusu ya mali imelala. Nikawauliza stoo ya mbolea wanaifunga kufuli ngapi. Pia nimewasha doria: mashine hupita memori yote polepole na kusahihisha biti moja iliyopinduka kabla haijapata mwenzake. Na kilo hulinganishwa na stakabadhi za karatasi kila jioni, maana karani akiingiza namba mbovu, hakuna kizibo kitakachomkamata.

Kila Jumatatu nasoma kumbukumbu za makosa yaliyosahihishwa, sloti kwa sloti. Kwa miezi kadhaa zilikuwa sifuri nane. Jumatatu iliyopita sloti ya tatu iliandika 2, jana 19. Hakuna kilo iliyopotea. RAM nyingine iko njiani kutoka Dar, yenye rejista safari hii, na Jumamosi jioni, wakulima wakishaondoka, nitazima mashine.