DUKA.EXE yagoma kuhama

Kompyuta ya dukani ilianza kugonga mwezi wa tatu. Diski ilikuwa inalia tk, tk, tk, kama kuku anayedonoa mahindi juu ya bati, halafu inanyamaza, halafu inaanza tena. Ilikuwa na Windows 7. Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020, lakini pale dukani hakuna aliyejali. Kilichotubana ni benki: Chrome iliishia toleo la 109 kwa mashine za aina ile, na mwishowe ukurasa wa benki ukawa haufunguki kabisa. Nikanunua dekstopu mpya Dar, Windows 11 imeshapigwa, nikapanda nayo basi mpaka Moshi nimeipakata kama mtoto.

Baba anauza misumari, saruji, bati na rangi. Madeni ya mafundi wote wa mtaa yamo ndani ya programu moja inayoitwa DUKA.EXE, aliyoandikiwa mwaka 1996 na kijana mmoja aliyekuwa anasomea uhasibu. Imeandikwa kwa Clipper, lugha ya zamani ya kutengenezea programu, na ni ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows: skrini ya bluu, maandishi meupe, F3 kutafuta mdeni, F7 kuchapa risiti. Maisha yake yote Baba hajawahi kutumia kipanya ndani ya programu hiyo.

Nilinakili folda nzima kwenye flashi, nikaiweka kwenye mashine mpya, nikabofya. Windows ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikaenda kwenye sifa za faili, nikachagua iigize Windows XP. Kisha Windows 95. Wapi!

Nilipoteza jioni mbili kabla ya kuelewa kwamba yale maigizo ni ya kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows tu. Shida yetu ilikuwa chini zaidi. DUKA.EXE ni ya biti 16, yaani iliandikwa kwa prosesa za kizazi cha zamani. Windows 7 yetu ilikuwa ya biti 32, na ndani yake mlikuwa na kijisehemu cha kuendeshea programu za DOS. Windows ya biti 64 haina kijisehemu hicho, kwa sababu prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 haiwezi tena kujifanya ile prosesa ya zamani, 8086. Na Windows 11 haitoki kwa biti 32. Fundi niliyempigia alinishauri nipige Windows 10 ya biti 32, ambayo nayo iliachwa Oktoba 14, 2025. Huko ni kuhama nyumba inayovuja kwenda kwenye nyumba inayovuja. Mwingine akasema, "Dada, tupa hiyo, nikuuzie mfumo wa kulipia kila mwezi." Nikamwambia Baba.

"Kila mwezi nilipie daftari langu mwenyewe?" Hakungoja jibu, alirudi kupima misumari.

Kilichotuokoa ni vDos, programu inayoigiza DOS ndani ya Windows. Wengi wanaijua mwenzake DOSBox, lakini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. vDos ililenga programu za ofisini kama yetu, na kinachopelekwa LPT1, mlango wa zamani wa printa, inakikamata na kukipeleka kwenye printa ya Windows. Ikawaka mara ya kwanza, skrini ya bluu hiyo. Nikabonyeza F3, ikaanguka: DOS error 4.

Hapo ndipo nilipokumbuka kikaratasi. Ubavuni mwa kompyuta ya zamani kuna kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu iliyokuwa ya njano kama chai, kwa mwandiko wa yule kijana: SET CLIPPER=F:50. Miaka yote nilidhani ni namba ya leseni. Kumbe ni amri ya kuiruhusu programu ifungue mafaili hamsini kwa wakati mmoja, na kosa namba 4 maana yake mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Nikaiandika kwenye autoexec.txt, faili ambalo vDos hulisoma ikiwaka. Ikatulia.

Kabla ya hapo, kwa woga, nilikuwa nimefungua MADENI.DBF, faili lenye madeni yenyewe, kwa LibreOffice Calc, ikafunguka bila matata. Safuwima moja inaitwa TAR_MWISHO. Herufi kumi kamili. Mafaili ya DBF hayaruhusu jina la safuwima kuzidi hapo. Nilimwonea huruma yule kijana, akihesabu kwa vidole.

Risiti ndizo bado zinasumbua. Karatasi zile za matundu pembeni zimeshuka mistari miwili, kwa hiyo jumla inachapwa pale pa kuweka sahihi. Nimeshabadilisha kimo cha ukurasa mara nne. Baba hajasubiri. Juzi nimemkuta kaketi mbele ya mashine mpya, kabonyeza F3, kaandika herufi tatu za kwanza za jina la fundi mmoja wa mabomba, na deni la mwaka 2011 likatokea.

"Ndiyo huyu," akasema, akachukua simu.