Ndege yangu ya kwanza ya rimoti: nilivyojifunza kuchagua inayojua kuanguka

Ndege yangu ya kwanza ya rimoti ilikaa hewani sekunde zisizozidi nane. Mpwa wangu, wakati huo yuko darasa la sita, alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipofika saba akanyamaza. Bawa la kushoto lililala, ndege ikapinduka, ikaingia ardhini kwa pua. Tulipoifikia, mota ilikuwa imeng'oka na kipande cha pua, propela haionekani, na bawa limepasuka katikati. Mpwa wangu akaokota mkia, akanitazama.

"Mjomba, inatengenezeka?"

Mimi ni fundi wa simu hapa Tanga. Swali hilo naulizwa kutwa nzima na huwa nina jibu. Siku ile sikuwa nalo.

Ndege yenyewe nilikuwa nimeichagua kwa macho. Ilikuwa mfano wa Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, mabawa yamekaa chini ya kiwiliwili, imepakwa rangi za jeshi, inapendeza kweli. Hela niliyotoa niliikusanya kwa miezi. Muuzaji hakunidanganya, maana sikumuuliza la maana. Nilimuuliza inakwenda kasi gani na inafika umbali gani. Sikumuuliza ikianguka inakuwaje, na kumbe kwa mtu anayeanza hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu ataanguka. Ataanguka siku ya kwanza, na ya pili, na ya tano.

Nilikaa na yale mabaki kwenye meza ya dukani wiki nzima, nikiyageuzageuza baada ya kufunga kazi. Nikakumbuka tiara. Sisi tuliokulia pwani tumerusha tiara tangu hatujajua kusoma: njiti mbili za makuti, gazeti, uzi, na mkia wa kitambaa. Tiara ilianguka mara mia kwa siku. Ilijigonga kwenye mnazi, kwenye bati, kwenye ukuta wa jirani, na gazeti likichanika unabandika ubwabwa unarusha tena. Haikuwa ngumu hata kidogo. Ilikuwa nyepesi, na kitu chepesi kinachokwenda polepole hakina nguvu ya kujivunja.

Baadaye nilielewa kwamba hiyo ni hesabu kabisa. Nguvu ya pigo inakua kwa mraba wa kasi. Ndege ikienda mara mbili ya mwenzake, kwa uzito uleule, inajigonga kwa nguvu mara nne. Ile Spitfire ilikuwa na bawa dogo kwa uzito wake, kwa hiyo ilibidi iende mbio ndipo ielee. Nilipopunguza mota kwa woga, bawa likapoteza hewa na ndege ikalala upande. Nilipoiongeza, ikaingia ardhini mbio. Mwanafunzi hana pa kutokea hapo.

Basi nilipoanza kutafuta ya pili, nilianza na uzito na ukubwa wa bawa, urembo nikauweka kando. Nilitaka bawa refu, lililokaa juu ya kiwiliwili, na ncha zake zimeinuka kidogo kama viganja vya mtu anayeomba dua. Kuinuka huko ndiko kunakofanya kazi: ndege ikilalia upande mmoja, hewa inalisukuma bawa la chini zaidi, na ndege inarudi kukaa sawa yenyewe. Ukichanganyikiwa unaachia vijiti vya rimoti, ukiwa juu vya kutosha ndege inajipanga. Spitfire haikusamehe. Ilipoanza kulala, iliendelea kulala.

La pili ni propela. Kwenye ndege nyingi iko mbele puani, na pua ndiyo inayofika ardhini kwanza. Kila ukianguka unavunja propela, na mara nyingine unapinda ekseli ya mota nayo. Nikaona kuna ndege ambazo mota imekaa juu na nyuma ya bawa, inasukuma badala ya kuvuta. Umbo hilo lilijulikana sana kupitia EasyStar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani, na Bixler ni ya ukoo huohuo. Pua inabaki kuwa povu tupu, mto wa kupokea pigo. Na hazina magurudumu, zinatua kwa tumbo kwenye majani. Watu huona hilo ni upungufu, mimi nasema ni faida: kwenye viwanja vyetu vya nyasi na mashimo, magurudumu ndiyo yanayong'oka kwanza na kuondoka na sakafu ya ndege.

La tatu ni povu lenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoibiwa macho. Lile jeupe linalofungia televisheni mpya kwenye boksi, la punje punje, ni EPS. Ni jepesi ila linakatika kama biskuti, na ukilitia supaglu ya kawaida linayeyuka mbele yako. Kuna EPP, ambalo linapinda na kurudi, unaweza kulikunja bawa lisikatike. Hilo ndilo gumu kufa kuliko yote, ila ndege zake ni chache na huwa laini mpaka zinahitaji kutiwa fito ndani. Katikati yake kuna EPO, ndilo lililotumika kwenye Bixler: linabonyea, linaweza kupasuka, lakini supaglu inalishika vizuri na likibonyea linarudi kwa maji ya moto. Balsa, ile mbao nyepesi, ni nzuri mno kuruka nayo, ila mwachie mtu ambaye ameshajua kutua.

Nikaamua Bixler, bawa lake mita 1.4. Ndege nzima na betri ilikuja kupimwa kama gramu 700, chini ya kilo moja ya sukari. Nilifikiria pia AeroScout ya HobbyZone, ambayo nayo propela iko nyuma na ina kifaa ndani kinachoisawazisha na kuzuia isipinduke kupita kiasi. Kwa mtu asiye na wa kumfundisha hiyo ni msaada mkubwa, na ningekuwa na hela ya ziada ningeitazama mara mbili. Lakini mimi ni fundi, nilitaka kitu ambacho kila kipande ninaweza kukifungua, na rimoti ninayoweza kuihamishia ndege nyingine kesho. Nikachukua rimoti ya FlySky FS-i6, chaneli sita, yaani inaweza kuamuru vitu sita tofauti kwenye ndege, inatumia betri nne ndogo za kawaida.

Shemeji yangu anafanya kazi Dubai, akaja nayo likizo. Nilimwambia mapema betri asiziweke kwenye begi la kupakia, azibebe mkononi, ncha za nyaya zimefunikwa kwa seloteipu. Betri za lithiamu zina sheria ya ndege: za akiba zinakaa na abiria, na zisizozidi saa-wati 100 hazina shida. Yangu ni volti 11.1 na mAh 1300, yaani Ah 1.3, ukizidisha unapata saa-wati 14 na kitu. Zikafika salama. Huku nyuma nilikuwa nimeshafuata utaratibu wa kibali wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na nikatafuta uwanja wa mbali na kiwanja cha ndege cha Tanga. Usiruke karibu na kiwanja cha ndege hata kama ndege yako ni ya povu.

Kabla ya kurusha nilifanya mwezi mzima wa mazoezi kwenye kompyuta, rimoti imeunganishwa kwa waya. Jambo moja lilinitesa: ndege ikikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako, na mkono unakataa kuelewa. Dawa niliyoipata ni hii. Ikiwa inakuja kwako na bawa moja limeshuka, sukuma kijiti upande uleule lilikoshukia, kana kwamba unaliwekea nguzo lisidondoke. Usifikirie kushoto wala kulia. Fikiria nguzo.

Uwanja tuliopata ni wa mpira, nje ya mji, umepakana na shamba la mkonge. Mzee anayelinda shamba tukamwamkia, tukamweleza. "Marahaba wanangu. Ruhusa mnayo, ila kwenye mkonge mtaingia wenyewe, mimi siingii." Tulikuwa tunafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi na upepo haujaamka. Kipindi cha kusi, ikishafika saa tatu hakuna kuruka kwa mwanafunzi. Upepo unambeba, anaongeza mota, anapanik, mchezo unaisha.

Siku ya kwanza nilipima mizani kwa vidole viwili chini ya mabawa, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ndege inatakiwa ilale sawa au iiname pua kidogo. Ikiinama mkia, usiirushe, sogeza betri mbele kwanza. Nikawasha rimoti, ndipo nikachomeka betri ya ndege, kijiti cha mota kikiwa kimeshushwa kabisa. Nikacheki kila kipande kinageuka upande unaotakiwa. Mpwa wangu akaishika chini ya tumbo, mkono wake mbele ya propela na kichwa amekikwepesha, akaitupa mbele sawasawa, bila kuielekeza juu. Ikaondoka.

Ilikwenda taratibu. Sijui nielezeje raha ya kitu kinachokusubiri. Nilikuwa na muda wa kufikiri, kukosea, na kurekebisha. Nikapanda mpaka juu ya mikorosho miwili, nikakata kona, nikapunguza mota, ikashuka kama karatasi. Dakika sita. Mpwa wangu hakuhesabu.

Ilianguka siku ya tatu. Jua lilinipiga machoni, nikaipoteza, na nilipoiona tena ilikuwa inaingia kwenye mkonge. Tuliingia wenyewe, kama tulivyoambiwa. Ncha ya jani la mkonge ni sindano, na majani mawili yalikuwa yamepita kwenye bawa la kulia kutoka chini hadi juu. Pua ilikuwa imesagika, imekunjamana kama kopo lililokanyagwa. Lakini propela ilikuwa nzima, mota nzima, mkia mzima.

Nyumbani nilichemsha birika. Nikashika ndege juu ya beseni, nikaimwagia pua maji ya moto kidogo kidogo, na mpwa wangu akakaribia mpaka nikamsogeza kwa kiwiko. Ile mikunjo ilianza kufunguka mbele yetu. Povu lilivimba taratibu, mistari ikajaa, na baada ya dakika mbili pua ilikuwa imerudi umbo lake, uso umekuwa na vipele vidogo vidogo lakini ni mviringo tena. Kwenye ufa wa ubavuni nikatia supaglu, nikashikilia mpaka nikahesabu sitini. Bawa nikalichoma vijiti viwili vya mishikaki kwa ndani, vimepakwa gundi, kupita kwenye yale matundu. Vijiti alinipa muuza mishikaki wa barabarani, hakutaka hela. Ukingo wa mbele wa bawa nikaubandika seloteipu pana ya kufungia maboksi. Jioni ileile ilikuwa tayari.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya ndege ya kudumu. Ile ya kwanza ingehitaji kipuri kutoka ng'ambo. Hii ilihitaji birika, supaglu ya dukani na mishikaki.

Kitu pekee ambacho hakisamehi ni betri. Kila selo, yaani kila chumba cha betri, ikijaa ni volti 4.2, na mimi naiteremsha ndege nikiona selo inakaribia 3.5. Nimeweka kengele ya dakika nane kwenye rimoti ili nisibahatishe. Ikiwa sitaruka kwa siku kadhaa betri naiacha kwenye 3.8 kwa selo, si imejaa wala haijaisha. Naichaji ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga, mbali na pazia, na siondoki. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama inaonekana bado ina uhai. Kwenye simu nimeshaona betri za namna hii zinavyowaka, na watoto wamo nyumbani.

Sasa ni mwaka na nusu. Mwezi uliopita niliipeleka ndege kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 785. Gundi, seloteipu na mishikaki vimeongeza gramu 85, na inabidi ipewe mota zaidi kidogo ili itue vizuri. Kiwiliwili nitakibadilisha, shemeji ameshaagizwa. Bawa halibadilishwi, mpwa wangu amekataa. Ameandika kwa kalamu ya wino tarehe ya kila kiraka, kumi na moja mpaka sasa, na vitatu vya mwisho ni vyake mwenyewe, maana siku hizi rimoti anashika yeye na mimi ndiye ninayetupa.