Jinsi nilivyookoa madaftari ya ubatizo ya kanisa letu

Madaftari ya ubatizo ya kanisa letu hapa Jinja yalikaa miaka mingi kwenye sanduku la bati. Unyevu uliyaingia, kurasa zikagandana, pini zikaota kutu. Wazee walitaka kuyaanika juani. Niliwasihi wasifanye hivyo, kwani jua hufifisha wino na kuifanya karatasi ikatike.

Niliyasimamisha wima chumbani, kurasa zimeachana kidogo, feni ikipuliza kwa mbali. Zilizoshikana niliziwekea tishu nyeupe, nikiibadilisha kila ilipolowa. Pini nilizichomoa polepole kwa kibano. Ukurasa mmoja ulipoachia, likatokea jina la bibi mzaa mama wa mzee wetu wa kanisa, na majina ya wadhamini wake pembeni. Mzee alilisoma kwa sauti, akalirudia.

Kisha nikapiga picha kwa simu karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, kila faili nikiliita kwa mwaka na namba ya ukurasa. Nakala ziko kwenye flashi mbili za kuhifadhia faili, moja haikai kanisani. Nyaraka za wamisionari wa CMS (shirika la Kianglikana la Uingereza), waliofika Buganda mwaka 1877, zinatunzwa vizuri Birmingham, Uingereza. Waumini wetu wa kawaida nao wanastahili hivyo. Familia ikija kuuliza, inapewa nakala bure.