Kijikaratasi cha Ngezi

Jana jioni, adhana ya magharibi ikikaribia, binti yangu mdogo alikaa barazani na pamba na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu shangazi yake alikwisha kumwambia kuwa maji ya udhu hayapenyi rangi ile. Harufu iliponifikia, kali na tamu kama ya ndizi iliyopitiliza kuiva, sikuwa tena Unguja. Nilikuwa Konde, kisiwani Pemba, katika kile chumba cha uani, mvua ikipiga mabati, na mbele yangu ile chupa ya mdomo mpana ambayo chini yake tulimwaga plasta na kuinywesha dawa ya harufu hiyo hiyo, ili wadudu wafe upesi na viungo vyao vibaki laini.

"Baba, mbona umenyamaza?"

Nilimwambia kuwa namkumbuka nzi. Alicheka mpaka pamba ikamdondoka.

Si nzi wa jikoni. Nzi wa jamii ile, ambao Wazungu huwaita wanyang'anyi na mimi napendelea kuwaita wawindaji, ni wa familia ya Asilidae, yenye spishi zaidi ya 7,000 duniani. Hawana haja na chakula cha mtu. Hutua juu ya kijiti na kugeuza kichwa kufuata kila kinachopita, kisha huruka na kumdaka mdudu mwingine hewani kwa miguu yenye miiba. Humchoma kwa mdomo mgumu, wakamtia mate yanayompoozesha na kumyeyusha ndani, halafu wakamnywa kama mtu anavyokunywa dafu, na ganda likatupwa.

Ilikuwa mwaka 2006, mwanzo wa masika. Mgeni wetu, mzee aliyeijua kazi ya nzi hawa kuliko alivyojua kufunga kamba za viatu vyake, alikuja na vibali vyake, tukaenda kwa sheha, tukapewa ruhusa, na siku ya tatu tukaingia msitu wa Ngezi. Asubuhi tulikuwa ndani ya msitu, chini ya mivule na mipapindi, mimi na wavu, yeye na daftari. Mchana tulitoka tukapumzika katika mikarafuu ya ami, na kwa kuwa wavu ulikuwa mkononi, nikaendelea kuutumia. Chupa zilikuwa mbili, ya msituni na ya shambani, na ya msituni nilikuwa nimeifunga uzi mwekundu shingoni. Mvua ikatukuta njiani. Nilipofika chumbani maji yalikuwa yamekwisha kuingia mkobani, nami kwa haraka ya kuokoa vilivyomo nikazimimina chupa zote mbili juu ya gazeti moja, ndani ya kopo moja la biskuti. Uzi mwekundu ulibaki kwenye chupa tupu.

Baada ya isha, umeme ukiwa umerudi, mgeni alianza kupekua kwa kibano. Nondo, mende wa kijani, nyigu wawili. Mara akaacha kupumua, au ndivyo nilivyosikia, kisha akanisogezea hadubini bila kusema neno.

Nimeona vitu vizuri maishani, na nzi yule yumo. Macho yake makubwa yalichukua karibu kichwa chote, na katikati yake, utosini, palikuwa na bonde, na ndani ya bonde kilima kidogo chenye macho mengine matatu madogo, yamekaa kama mafiga. Usoni alikuwa na sharubu za nywele ngumu, nyeusi juu na nyeupe chini, zilizouziba mdomo kama pazia la mlangoni. Mgeni alisema kazi yake huenda ni kuulinda uso dhidi ya windo linalopapatika. Vipapasio vilikuwa vifupi, lakini kila kimoja kiliishia kwa uzi mwembamba wenye nywele pembeni mfano wa unyoya, na kwa unyoya huo mgeni aliitamka papo hapo jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu: Ommatius. Chini ya mapaja ilijipanga miiba. Nyuma ya mabawa vilikuwepo virungu viwili vidogo vya manjano, ambavyo nzi wote wanavyo badala ya mabawa ya pili. Mwishoni mwa tumbo palikuwa na koleo. Alikuwa dume.

Dume ndiye aliyekuwa akitafutwa, kwa kuwa majike wa jenasi ile hufanana mno, na tofauti ya spishi mara nyingi iko katika umbo la koleo lile. Huko kwao, aliniambia, angelikata ncha ya tumbo, angeliilowesha katika maji ya potasi mpaka nyama iyeyuke na gamba libaki, angelichora kila upande chini ya lenzi, kisha angeliitia ndani ya tone la glisarini katika kijichupa kinachochomekwa kwenye pini ile ile anayokaa nzi, ili mwili na ncha yake visije vikapotezana. Baada ya hapo hufuata maelezo: urefu wa bawa, rangi ya kila unywele, idadi ya miiba, anatofautiana vipi na ndugu zake wa bara. Swali la bara lina uzito wake hapa kwetu, maana Pemba ilijitenga na bara zamani sana kuliko Unguja, na viumbe wake wamepata muda wa kuwa wao wenyewe. Bundi wetu alipewa jina la Otus pembaensis na Pakenham mwaka 1937. Popo wetu mkubwa alipewa lake na Matschie mwaka 1909. Nzi wetu, alisema mgeni akiwa nusu katika mzaha, huenda akaitwa kwa jina la Ngezi.

Kisha alinisukumia kipande cha karatasi ngumu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, pamoja na kalamu ya wino usiofutika.

Hapa ndipo ninapopakumbuka kuliko kwingine kote. Alikuwa amenieleza tangu siku ya kwanza kuwa jina jipya la mnyama husimama juu ya mdudu mmoja tu, holotaipu, anayewekwa makumbusho kuwa shahidi, na kwamba mdudu bila karatasi yake ya mahali, tarehe na mkono uliomkamata hana faida kwa mtu. Marehemu baba, aliyesomesha chuoni miaka arobaini, angeelewa bila kufundishwa. Kwake yeye habari isiyo na isnadi, yaani mlolongo wa walioipokeza, ilikuwa porojo. Nami nilikuwa nimeshika kalamu, kopo la biskuti liko pembeni, na sikujua nzi yule alitoka chupa ipi. Nilikumbuka vizuri kumpata nzi mwindaji asubuhi, juu ya kijiti penye kivuli. Nilikumbuka pia, si vizuri sana, kupata mwingine alasiri pembezoni mwa mikarafuu. Ndani ya kopo walikuwemo watatu, wawili kati yao majike.

"Huyu ni wa asubuhi?" aliuliza. Kiswahili chake alikipata bara, kilikuwa kizuri.

"Wa asubuhi, Profesa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nikaandika kwa herufi ndogo, nikiibana pumzi ili mkono usitikisike: Tanzania, Pemba, Ngezi, msituni, tarehe, jina langu. Alichukua karatasi, akaitoboa kwa pini chini ya nzi, akaiweka sawa kwa ncha ya kidole. Akanipongeza kwa mwandiko.

Mengine yalikwenda upesi. Aliondoka na kasha lake, vibali vikapigwa mihuri, mimi nikapata kazi nyingine mjini, nikaoa. Mwaka 2009 nilipokea barua pepe yenye rasimu ya maelezo ya nzi, kurasa tisa, na katika ukurasa wa pili jina langu kama mkusanyaji wa holotaipu. Jina alilolipendekeza lilitokana na Ngezi, na chini yake palikuwa na sentensi ndefu kidogo kuhusu uhusiano wa spishi hii na kivuli cha msitu. Aliniomba nithibitishe mahali. Nilikwisha kujua kuwa kwa kanuni zao jina la mnyama, likishachapishwa, halibadilishwi kwa sababu tu limekuja kuonekana halimfai. Kama nzi yule ni wa mikarafuu, ataitwa wa msituni mpaka mwisho wa dunia.

Nilikaa na barua ile siku nne. Nikajibu kwa kirefu: nilimweleza mvua za mwaka ule, miti iliyokuwepo, saa tuliyoingia, hata upande wa upepo. Kuhusu mahali niliandika maneno matatu: "Kama karatasi inavyosema." Hapana uongo hata mmoja ndani yake, na nimelisoma jibu lile mara nyingi kutafuta.

Maelezo hayajachapishwa. Mgeni amekwisha kustaafu. Ametuma kadi za Idi mara mbili tatu, habari za nzi hazimo. Nadhani dume yule bado yuko ndani ya droo, ncha ya tumbo lake katika kijichupa, na chini yake ule mwandiko mzuri. Kuna nyakati natamani apatikane mwingine Ngezi, mwenye koleo lile lile, nipumzike. Na kuna nyakati, Mungu anisamehe, natamani asipatikane kokote.

Binti alinyoosha vidole vyote kumi mbele ya uso wangu. Baraza lilikuwa limeingia giza.

"Imetoka yote, baba? Una hakika?"

Nikamwambia aniletee miwani kwanza, na taa.