Chupa ya plastiki kwenye kabati la chini

Jana kijana mpya wa maabara yetu hapa Dodoma aliniuliza, "Dada, mbona asidi nyingine ziko kwenye chupa za kioo, hii peke yake iko kwenye plastiki?" Nilifurahi kwamba ameuliza kabla ya kuigusa. Hiyo ni haidrofloriki. Inakula kioo, na ndiyo maana tunayeyushia sampuli za miamba yenye silika, kitu kilekile kinachounda kioo, kabla ya kupima madini.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, glavu yangu ilikuwa na tundu dogo kama la sindano. Sikuhisi kitu. Jioni, nikiwa nasonga ugali, kidole kikaanza kupwita chini ya ukucha, maumivu ya ndani kabisa, na ngozi juu haina hata lengelenge. Asidi hii hupenya hadi mfupani na kunyang'anya mwili kalsiamu. Ikiingia nyingi, moyo unaweza kusimama. Unaosha kwa maji mengi papo hapo, unapaka jeli ya kalsiamu glukoneti, unakwenda hospitali hata kama huumwi.

Jeli yetu iko droo ya juu, haifungwi kwa ufunguo. Nilimwambia kijana avae glavu, afungue kifuniko cha jeli mwenyewe.